Marumaru imefika, kivuli kimepotea njiani: mapitio ya nakala ya kanvasi ya The Parthenon

Nakala ninayoipitia hapa ni ya The Parthenon, mchoro wa rangi za mafuta wa hekalu la kale la Kigiriki huko Athens, ambao Mmarekani Frederic Edwin Church aliukamilisha mwaka 1871 na ambao sasa umo katika Metropolitan Museum of Art jijini New York. Imechapwa kwenye kanvasi ya pamba na kuwambwa juu ya fremu ya mbao, kimo chake sentimita 60 na upana sentimita 98. Walioichapa ni duka la picha la Dar es Salaam ambalo silitaji jina, kwa sababu mengi nitakayoyasema yanayahusu maduka ya aina hiyo kwa jumla. Imetundikwa katika chumba ninachofundishia uchoraji, mbele ya wanafunzi wanaojiandaa kuchora magofu, na kwa hiyo naipima kwa kipimo kikali kuliko ambacho mtu angekitumia kwa pambo la sebuleni. Kwa sebule ni nzuri, nayo inastahili bei yake. Kwa mafunzo naipa alama sita kati ya kumi: mwanga wa mchoro umefika salama, lakini kivuli chake kimepungua sana, na katika mchoro wa magofu kivuli ndicho kinachobeba nusu ya habari.

Kwa asiyeufahamu mchoro wenyewe, mpangilio wake ni rahisi kuueleza. Karibu na mtazamaji pana eneo lililofunikwa na kivuli, limetapakaa vipande vya mawe yaliyoanguka. Nyuma yake hekalu limesimama likipigwa na jua, marumaru yake ikiwa na rangi ya asali. Juu ya yote ni anga. Church alikuwa amejipatia umaarufu kwa michoro ya mandhari iliyosheheni vitu, kama Niagara ya mwaka 1857 na The Heart of the Andes ya mwaka 1859, ambamo maji, miti, milima na ukungu vinashindana kuvuta jicho. Katika The Parthenon amejinyima karibu vyote hivyo. Amebakiza jiwe, mwanga na giza, na kwa kufanya hivyo amejitwika kazi ngumu zaidi, kwa sababu hakuna mti wala mto wa kumsaidia pale ambapo jiwe halikuchorwa vizuri.

Uwezo huo haukutoka hewani. Church aliondoka Marekani mwishoni mwa mwaka 1867 pamoja na familia yake kwa safari ndefu iliyompeleka Beirut, Jerusalem, Petra na Baalbek, kisha Rome, na hatimaye Athens mnamo Aprili 1869. Alipofika Athens alichora hekalu kwa penseli na kwa rangi za mafuta papo hapo, jambo lililokuwa limerahisishwa na tyubu za bati ambazo John Goffe Rand alizisajilia hataza mwaka 1841. Kabla ya hapo, kubeba rangi za mafuta mpaka juu ya kilima ilikuwa adha tupu. Sehemu kubwa ya michoro yake ya maandalizi, zaidi ya 2,000, imehifadhiwa katika jumba la Cooper Hewitt huko New York. Mchoro mkubwa ulisubiri hadi alipopata mteja, tajiri Morris K. Jesup, na baadaye ukaingia katika Metropolitan Museum kwa wosia wa mjane wake, Maria DeWitt Jesup. Nayataja haya katika mapitio ya bidhaa kwa sababu yanamhusu mnunuzi moja kwa moja: unachokilipia ni kazi ya mtu aliyelitazama jiwe lile kwa macho yake, saa baada ya saa, akijua kila ufa ulipo, na nakala inayozifuta nyufa hizo imekunyima kile ulichokifuata.

Nianze na kilichofanikiwa. Marumaru ya hekalu ilichimbwa katika mlima wa Pentelikon, nayo ina chembe za chuma zinazoifanya nyeupe yake igeuke kuwa ya dhahabu kadiri karne zinavyopita. Wachoraji wengi wa magofu hulikosea jambo hili kwa namna mbili: ama huipaka marumaru nyeupe ya chokaa, ama huitia manjano moja kutoka chini hadi juu. Church hakufanya lolote kati ya hayo. Nguzo zake zina joto upande wa jua na ubaridi upande wa pili, na mifereji ya wima iliyochongwa katika kila nguzo haikuchorwa kwa mistari myeusi bali kwa mabadiliko madogo ya joto la rangi. Nakala imeyahifadhi mabadiliko hayo kwa uaminifu ambao sikuutarajia. Ukisogea hadi umbali wa mkono, bado unaona mahali mfereji mmoja unapoishia na mwingine unapoanzia, na unaona pia kwamba kingo zilizomomonyoka hazina mstari ulionyooka. Mwanafunzi anayetaka kujua namna ya kuizungusha nguzo bila kutumia rangi nyeusi ana somo zima hapo.

Sifa hiyo haikupatikana kwa chapa ya kwanza. Programu ya printa ya duka lile huongeza ukolezi wa rangi katika kila picha inayopita, kwa kuwa wateja wao wengi huleta picha za harusi na mahafali na hupenda rangi zing'ae. Kwa mchoro huu matokeo yake yalikuwa hekalu la rangi ya chungwa. Nilipowaeleza walisikiliza bila ubishi, wakazima marekebisho ya moja kwa moja na kuchapa upya bila malipo ya ziada. Huduma yao kwa wateja naisifu kwa dhati. Kinachokosekana ni mazoea ya kuuliza kabla kwamba picha iliyoletwa ni ya kamera au ni ya mchoro.

Sasa nije kwenye kivuli. Mchoraji wa rangi za mafuta hujenga giza kwa matabaka membamba yanayopitisha mwanga: mwanga hupenya, hugonga tabaka la chini, kisha hurudi kwa mtazamaji ukiwa umebeba rangi ya matabaka yote. Ndiyo maana giza la mchoro wa mafuta, ukilikazia macho, huanza kufunguka, na vitu vilivyojificha ndani yake hujitokeza kimoja baada ya kingine. Wino wa printa hauna matabaka. Hukaa juu ya kanvasi au hunyonywa na nyuzi za pamba, na ukinyonywa, weusi hugeuka kijivu kizito kisicho na kina. Katika picha ya kidijitali ya jumba la makumbusho, nikiikuza kwenye skrini, naweza kutofautisha jiwe na jiwe ndani ya kivuli, na ukingo uliokatwa kwa patasi na ule uliovunjika. Katika nakala, vipande kadhaa vimeungana na udongo kuwa doa moja.

Mtu anaweza kuuliza kama hasara hiyo ni kubwa, ilhali hekalu lenyewe, ambalo ndilo jina la mchoro, limechapwa vizuri. Kwangu ni kubwa mno, na sababu yake imo katika historia ya jengo. Hekalu lilijengwa kati ya mwaka 447 na 432 KK, likawa kanisa, kisha msikiti, na likadumu likiwa jengo la kutumika kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Halikuwa gofu kwa sababu ya uzee. Lilivunjwa Septemba 1687, pale majeshi ya Venice yalipoizingira Acropolis, kilima ambacho hekalu limesimama juu yake, na kombora likawasha baruti ambayo Waosmani, watawala wa Kituruki wa Athens wakati huo, walikuwa wameiweka ndani ya hekalu. Mlipuko ukang'oa paa na sehemu ya kati ya safu ndefu za nguzo. Kuanzia mwaka 1801 watu wa Lord Elgin, balozi wa Uingereza kwa Waosmani, waliondoa sehemu kubwa ya sanamu zilizokuwa zimesalia, nazo zikanunuliwa kwa ajili ya British Museum mwaka 1816. Church alifika kabla ya ukarabati wa mwanzoni mwa karne ya 20, uliosimamiwa na mhandisi Nikolaos Balanos, ambao ulizisimamisha tena nguzo za upande wa kaskazini. Kwa hiyo alichokiona ni hekalu likiwa na jeraha lake wazi zaidi kuliko lionekanavyo leo na watalii. Mawe yaliyolala kivulini mbele ya mchoro ni sehemu ya habari hiyo: kile kilichokuwa juu sasa kiko chini, na Church ameyaleta karibu nasi, mbele ya hekalu, ili jicho lisilifikie jengo kabla ya kupita katikati ya uharibifu. Ukiyafuta mawe hayo, linabaki jengo zuri lenye jua. Hekalu lipo, ila gofu halipo tena.

Kuna namna ya kuokoa sehemu ya hasara hii, na duka lilikubali kuijaribu nami. Kwanza, badala ya kuchapa mchoro mzima, tulichapa ukanda mwembamba wa sehemu ya chini pekee, upana wa kiganja, tukiinua kidogo mwangaza wa sehemu za giza katika faili bila kugusa sehemu za mwanga. Pili, ukanda ulipokauka ulipuliziwa vanishi ya mng'ao wa wastani. Vanishi ilifanya kazi kubwa kuliko marekebisho ya faili: kanvasi isiyopakwa kitu hutawanya mwanga kila upande, na mtawanyiko huo ndio unaoupausha weusi, ilhali uso uliolainishwa na vanishi huuacha weusi uwe weusi. Mawe yaliyokuwa yamezama yalirudi, ingawa si yote. Kwa nakala yenyewe nililipa shilingi 165,000, na vanishi ni 20,000 juu ya hapo. Kama utaagiza mchoro wowote wenye kivuli kikubwa, usiiache vanishi hiyo ili kupunguza gharama. Heri upunguze ukubwa wa picha.

Kuhusu ukubwa, pana jambo ambalo maduka mengi hayalisemi. Mchoro wa asili una kimo cha sentimita 113 na upana wa 184.5, yaani upana ni zaidi kidogo ya mara 1.6 ya kimo. Fremu zilizo tayari madukani huwa za 60 kwa 90 au 80 kwa 120, ambazo upana wake ni mara 1.5 tu, na ukikubali kutumia mojawapo utapoteza takriban asilimia 8 ya upana wa mchoro. Isitoshe, kanvasi inapowambwa, sentimita 3 au 4 za kila upande hukunjwa nyuma ya fremu, na kama mchapaji hakuongeza ukingo mweupe, zinazokunjwa ni sentimita za mchoro wenyewe. Kwa picha ya familia si neno. Kwa mchoro ambao mchoraji alipima umbali kutoka nguzo ya mwisho hadi ukingo wa kanvasi, ni sawa na kumkata maneno mzungumzaji. Agiza fremu ya kipimo maalumu na ukingo mtupu wa kukunja. Hata hivyo tambua kwamba nakala ya sentimita 60 kwa 98 ina eneo la zaidi kidogo ya robo ya mchoro wa asili, na kwamba kusimama mbele yake si kusimama mbele ya kazi inayoujaza uwanja wote wa macho.

Ukubwa unategemea pia faili. Metropolitan Museum iliruhusu, kuanzia Februari 2017, picha zipatazo 375,000 za kazi zisizo na hakimiliki katika mkusanyiko wake zipakuliwe na kutumiwa na yeyote bila malipo wala kuomba ruhusa, na hiyo ni huduma ambayo wachoraji wa mbali na New York wanapaswa kuishukuru kila siku. Lakini ruhusa haiongezi pikseli. Picha yenye upana wa pikseli 4,000 ikitandazwa kwenye sentimita 98 hutoa nukta kama 104 kwa inchi, kiwango kinachotosha kwa kanvasi inayotazamwa kutoka umbali wa hatua mbili, lakini kisichotosha kwa mwanafunzi anayeweka pua karibu na nguzo. Kwa nukta 150 kwa inchi unahitaji takriban pikseli 5,800. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe kabla ya kwenda dukani, maana atakayeipokea faili yako kaunta hataifanya kwa niaba yako.

Mbao za fremu ni nyepesi lakini zimenyooka, na pembe zimeunganishwa vizuri. Kasoro yake ni kwamba hazikuachiwa nafasi za kabari kwenye pembe. Katika unyevu wa pwani kanvasi ya pamba hukaza na kulegea kwa zamu, na bila kabari za kuitanua fremu kidogo, mawimbi hujitokeza kwenye anga, mahali ambapo kila wimbi linaonekana.

Nimewahi kuulizwa kwa nini nisinunue nakala iliyochorwa kwa mkono, zile zinazoagizwa mtandaoni, ambazo zina rangi halisi ya mafuta na kivuli chenye matabaka. Nilizoziona zilinifanya nirudi kwenye chapa. Hekalu lile lina ujanja wa kijenzi ambao mchoraji mwenye haraka huurekebisha bila kujua: nguzo zimevimba kidogo katikati na kuinamia ndani, sakafu imebinuka, na nguzo za pembeni zimekaribiana kuliko nyingine. Anayenakili kwa haraka huzinyoosha nguzo na kuzipanga kwa nafasi sawa, na matokeo yake ni jengo la serikali lililobomoka. Chapa huhamisha alichokichora Church bila kukisahihisha, na kwa darasa ninaona ni afadhali kivuli kilichofifia kuliko umbo la uongo.

Kwa kulinganisha, chumbani mwangu pana nakala ya karatasi ya mchoro wa Caspar David Friedrich wa hekalu la Juno huko Agrigento, Sicily, wa miaka ya 1828 hadi 1830, ambao asili yake iko Dortmund, Ujerumani. Nakala hii ni ya bei ndogo, na kwa maana moja imefaulu zaidi. Mchoro wa asili una sentimita 54 kwa 72 tu, kwa hiyo unaweza kuchapwa kwa kipimo chake halisi, na Friedrich alipaka rangi nyembamba na laini, kiasi kwamba karatasi haipotezi mengi ya uso wake. Lakini Friedrich hakuwahi kufika Sicily wala mahali popote Italia. Alifuata picha iliyochapwa na wengine. Hekalu lake ni umbo linalobeba machweo, na si jiwe la mahali fulani. Upande mwingine yuko Thomas Cole, aliyemfundisha Church kuanzia 1844 hadi 1846, ambaye katika mchoro wa mwisho wa mfululizo wa The Course of Empire ameweka nguzo moja kubwa iliyobaki peke yake huku ndege wamejenga kiota juu yake. Magofu ya Cole ni ya mji usiokuwepo, yamechorwa ili yatoe fundisho. Naiheshimu kazi hiyo, lakini mwanafunzi anayejifunza kutoka kwa Cole peke yake huanza kuchora majonzi kabla ya kuchora jiwe. Church ndiye anayemrudisha kwenye jiwe, na ndiyo maana nimesisitiza ubora wa nakala hii moja kuliko nyingine zote.

Wanafunzi wangu hawatachora hekalu la Kigiriki. Wataenda Kilwa Kisiwani, ambako magofu ni ya misikiti na makasri, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, yasiyo na dhahabu ya Pentelikon. Tumbawe lina vinyweleo, hunywa maji ya mvua, hushika ukungu mweusi, na mwanga wa pwani ya kusini huliparuza badala ya kuliteleza. Rangi za Church haziwezi kuhamishiwa huko, na nimewakataza kujaribu. Kinachohamishika ni utaratibu wake wa kugawa mchoro: kuamua mapema ni kiasi gani cha ardhi kitakaa gizani, na kuyapa mawe yaliyoanguka umakini uleule wa mawe yaliyosimama. Somo hilo la pili ndilo ambalo nakala yangu imelififisha, hivyo nimeubandika ule ukanda wa majaribio uliopakwa vanishi chini ya nakala kubwa, na wanafunzi husoma hekalu juu na kivuli chini.

Kama utaagiza yako, uliza duka jambo moja la mwisho kabla ya kulipa: kama wino wao ni wa pigimenti, yaani chembe za rangi zisizoyeyuka, au wa rangi iliyoyeyushwa majini. Ule wa pili huanza kupauka mapema ukikaa kwenye ukuta unaofikiwa na jua, na katika mchoro huu kitakachoanza kuonekana kimepotea ni joto la marumaru, kile hasa ambacho chapa ilikiweza. Itundike kwenye ukuta ulio pembeni mwa dirisha, usiotazamana nalo, kwa kuwa vanishi ya mng'ao wa wastani ikitazamana na dirisha huakisi mwanga juu ya sehemu ya giza, na mawe uliyoyalipia shilingi 20,000 za ziada hayaonekani hadi jioni.